NEEMA HAINUNULIWI

(Maneno yaliyosemwa asubuhi ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, kabla ya kusomwa taarifa ya Karani na hesabu za Mweka Hazina)



Ni desturi ya Chama chetu kwamba kila mwaka, kabla daftari halijafunguliwa, mwanachama mmoja aombwe kusema maneno machache ya kujenga moyo. Mwaka huu tumeombwa sisi, nasi tumepewa jambo la kusema: upendo wa Mungu usiongoja kustahiliwa, na jinsi impasavyo aliyeupokea kuwatendea wenzake.

Chama hiki si kanisa. Wamo ndani yake watu wa madhehebu mengi, na wamo ndugu zetu Waislamu, ambao tumeuguzana nao na kuzikana nao miaka yote hii. Sisi tutasema kwa njia ya Kikristo kwa kuwa ndiyo tuijuayo. Asiye Mkristo na atuvumilie, achukue litakalomfaa, aliache lisilomfaa.

Wala hatutaficha kwamba tuna neno zito la kufikisha. Katika orodha ya mashauri ya leo liko shauri la saba, ambalo wengi wenu mmekuwa mkilinong'ona nje ya mlango tangu mlipofika. Tutalifikia. Lakini mtu hajengi paa kabla ya kuta. Basi twaomba mtuvumilie tuanze na msingi.

Chama chetu kinaishi kwa kanuni. Atakaye kuingia hulipa kiingilio. Kila mwezi hulipa ada. Akiugua au akifiwa, daftari hufunuliwa kwanza, ionekane kama amelipa. Hatuulaumu utaratibu huo hata kidogo. Bila utaratibu huo sanduku lingekuwa tupu, na mjane angerudi nyumbani na machozi yake yale yale. Wahenga walisema: Mkono mtupu haulambwi. Ndivyo mambo ya dunia yalivyo, dukani, kazini, na hata katika vyama vya kufaana.

Hatari iko katika kulichukua daftari hilo na kulipandisha mbinguni. Wengi wetu twamwaza Mungu kama mweka hazina mkuu aliyeketi juu na kalamu mkononi. Mtu akivuna vizuri na watoto wake wakafaulu shuleni, husema moyoni mwake: ada yangu imepokelewa. Akifiwa na mtoto, hujiuliza: ni deni gani nililosahau kulipa? Tumeketi kando ya vitanda vya wagonjwa wa Chama hiki, na swali hilo tumelisikia mara nyingi kuliko swali la dawa. Mama mmoja alituambia kwamba maradhi yake bila shaka ni kwa sababu ya miaka ambayo hakutoa sadaka. Alikuwa na maumivu mawili basi: la mwili, na la kudhani kwamba Baba yake yuko mlangoni kama mdai.

Injili yafundisha kinyume cha hayo. Mtume Paulo, katika sura ya 5 ya Waraka kwa Warumi, aeleza kwamba Kristo hakungoja tutengenee ndipo atoe uhai wake. Aliutoa tukiwa bado upande wa maadui. Hiyo ndiyo maana ya neema. Upendo wa Mungu hautokani na wema wetu, bali wema wetu, kama upo, hutokana na upendo wake. Duniani mkono mtupu haulambwi. Mbele za Mungu mkono mtupu ndio unaojazwa, maana uliojaa hauna nafasi ya kupokea.

Bwana Yesu alilifundisha jambo hilo kwa mfano unaojulikana na kila mtoto wa shule ya Jumapili, ule wa baba na wana wawili, katika sura ya 15 ya Luka. Lakini kwa kuwa twaujua sana, hatuusikii tena. Na tuutazame kama wazee watazamavyo shauri la ardhi.

Mwana mdogo alidai urithi wake ilhali baba yake yu hai. Kila mzee aliye hapa ajua uzito wa tendo hilo. Kumwambia baba, nipe changu sasa, ni kumwambia: nimechoka kungoja ufe. Baba angeweza kumlaani, alimgawia. Kijana akaenda mbali, akatapanya, akafikia kulisha nguruwe na kuonea njaa chakula chao. Hapo ndipo alipotunga maneno ya kwenda kusema nyumbani, na mwisho wa maneno hayo lilikuwa ombi la kuajiriwa kama mmoja wa vibarua. Angalieni vizuri: hata alipotubu, alikuwa bado na daftari mkononi. Alidhani kwamba akifanya kazi kwa mshahara, labda siku moja atakuwa amelipa.

Baba alimwona akali mbali, akakimbia kumlaki. Kwetu mzee wa heshima hakimbii. Wanaokimbia ni watoto na wezi. Mzee yule aliikunja heshima yake kama mtu akunjavyo kanzu ili avuke mto, akakimbia mbele ya macho ya kijiji kizima. Kijana alianza kuyasema maneno yake, lakini lile ombi la kuajiriwa hakuwahi kulifikia. Baba alikwisha kuagiza vazi, pete na viatu. Vazi lilikuja kabla ya kazi yo yote. Hakuna aliyemwambia akae miezi sita tuone mwenendo wake.

Tena yuko mwana mkubwa. Yeye hakuondoka nyumbani, hakutapanya kitu, na sisi wanachama waaminifu, tulipao ada kabla ya tarehe tano, twampenda kwa siri. Lakini alipokasirika, alisema nini? Aliihesabu miaka yake ya utumishi, akakumbusha kwamba hakupewa hata mwana-mbuzi. Yaani naye alikuwa na daftari! Mmoja alijihesabu kuwa mdeni, mwingine alijihesabu kuwa mdai. Wala hakuna kati yao aliyejua kwamba ile ilikuwa nyumba ya baba, si nyumba ya tajiri na vibarua wake. Aliyekwenda mbali na aliyebaki karibu walikuwa wamepotea kwa kosa moja.

Basi kuuamini upendo wa Mungu ni nini? Si kujilazimisha kuona furaha moyoni kila siku. Mtazameni mtoto aliye mgongoni mwa mama yake alimapo shamba. Mtoto hajishiki, ameshikwa. Mbeleko imefungwa na mama, na fundo liko kifuani pa mama, si mkononi mwa mtoto. Jua likiwaka, lawawakia wote wawili. Mvua ikinyesha, yawalowesha wote wawili. Lakini mtoto hasemi, kwa kuwa nalowa, basi mama ameniacha. Mara nyingi huwa amelala. Kuamini ni kujua fundo liko kwa nani.

Wako watakaouliza: je, mkiwaambia watu kwamba Mungu awapenda bila sharti, hamtawafundisha uvivu na uovu? Swali hilo ni la haki, na ni la zamani. Paulo mwenyewe aliulizwa. Sisi tutajibu kwa yale tuliyoyaona. Mtoto ajuaye kwamba hatafukuzwa nyumbani, akivunja mtungi huja kusema. Ajuaye kwamba atafukuzwa, huvificha vigae. Hofu haikupata kumfanya mtu kuwa mwema. Imemfanya kuwa mwerevu wa kuficha tu. Neno hili mlishike, maana tutalihitaji tutakapofika kwenye shauri letu.

Sasa kupokea ni jambo moja, na kuwapa wengine tulichopokea ni jambo la pili, ambalo aghalabu huchelewa. Twataka kuwasimulia habari za mtu mmoja aliyechelewa sana.

John Newton alizaliwa London mwaka 1725. Alikuwa baharia, mwenye kinywa kichafu, asiyemjali Mungu. Mwaka 1748, akiwa katika merikebu iliyoitwa Greyhound, alikutwa na tufani kubwa katika bahari ya Atlantiki hata merikebu ikakaribia kuzama. Naye katika hofu ile akaliita jina la Mungu aliyekuwa akimdhihaki. Tangu siku ile aliihesabu kuwa siku ya kuokolewa kwake, akaiadhimisha kila mwaka. Baadaye alipewa daraja ya ukasisi mwaka 1764, akatumikia mji wa Olney, na huko akatunga wimbo ujulikanao kwetu kama Neema ya Ajabu, kwa ajili ya ibada ya Mwaka Mpya wa 1773. Wimbo huo twauimba hapa kwetu katika lugha nyingi, hasa makaburini.

Lakini kuna habari ambayo hatuisimulii makaburini. Baada ya tufani ile Newton hakuiacha biashara ya watumwa. Alikuwa nahodha wa merikebu za watumwa mpaka mwaka 1754, akiwachukua Waafrika wenzetu kutoka pwani ya Afrika ya Magharibi wakiwa katika minyororo, ilhali juu ya sitaha akiwaongoza mabaharia wake katika sala. Alipoiacha kazi hiyo ilikuwa kwa sababu ya afya yake. Ilimchukua hadi mwaka 1788 kuandika kijitabu cha kuishutumu biashara ile hadharani, na humo alikiri kwamba ungamo lake limekuja kwa kuchelewa. Tangu tufani hadi kijitabu ni miaka 40. Alifariki mwishoni mwa mwaka 1807, mwaka ule ule ambao Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuikataza biashara hiyo.

Hatusemi haya ili kumhukumu marehemu. Twasema kwa sababu twajiona ndani yake. Mtu aweza kuipokea neema kwa mkono wa kuume na kushika mnyororo wa mwenziwe kwa mkono wa kushoto, tena kwa miaka mingi, na asione ajabu. Neema iliyomkuta ilikuwa ya kweli; lakini alikuwa bado hajawatazama waliokuwa chini ya sitaha yake.

Tuvuke sasa kutoka Atlantiki mpaka bahari yetu wenyewe, tukawatazame watu wengine wa habari hiyo hiyo ya utumwa. Juu ya vilima nyuma ya Mombasa kuna Rabai, ambako Krapf na Rebmann waliweka misheni mwaka 1846. Katika miaka ya 1880 watumwa wengi waliotoroka mashamba ya pwani walikimbilia huko na kwenye misheni nyingine za jirani. Waliitwa watoro. Mtumishi mkuu wa Kiafrika kule Rabai alikuwa William Jones, ambaye mwenyewe alichukuliwa utumwani utotoni, akaokolewa, akasomeshwa Bara Hindi, na mwaka 1885 akapewa daraja ya ushemasi na Askofu Hannington. Kwake haikuwa lazima kungoja miaka 40. Alijua kiu ya mtu anayekimbia, kwa hiyo mlango ukawa wazi.

Mabwana wa watumwa walikasirika, wakadai watu wao warudishwe, na ilikuwa karibu damu imwagike. Mwaka 1888 George Mackenzie, mjumbe wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki, alipatana na mabwana wale kwamba walipwe fedha, na watoro waachwe huru. Mwanzoni mwa mwaka 1889 watu zaidi ya 1,000, wa Rabai na wa misheni za jirani, walipata hati za uhuru wao. Fedha zilizolipwa hazikutoka mifukoni mwao. Mifuko hawakuwa nayo.

Twajua kwamba mfano huu haukamiliki. Mabwana wale hawakuwa na haki mbele za Mungu ya kulipwa hata senti moja kwa ajili ya binadamu, na Kampuni ilikuwa na hesabu zake katika jambo lile. Lakini fikirini hali ya mtoro aliyesimama pale na karatasi mkononi. Jana mtu ye yote angeweza kumkamata njiani, leo hawezi. Je, alifanya nini hata akastahili? Alikimbia tu, akabisha hodi. Na je, mtu huyo, akiwa na karatasi ile nguoni mwake, angewezaje kumkamata mtoro mwingine na kumrudisha kwa bwana wake?

Swali hilo ndilo aliloliuliza Bwana Yesu katika sura ya 18 ya Mathayo, katika mfano wa mtumwa asiyesamehe. Sisi watu wa Chama tunaopenda hesabu, na tuihesabu hesabu hiyo. Mtumwa yule aliwiwa na mfalme talanta 10,000. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, na dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa siku moja. Basi deni lake lilikuwa ujira wa siku 60,000,000. Kibarua afanyaye kazi siku 300 kwa mwaka angehitaji miaka 200,000 kulilipa, bila kula wala kuvaa. Mfalme alilifuta lote kwa neno moja. Yule mtumwa akatoka, akamkuta mwenziwe anayewiwa naye dinari 100, akamkaba koo.

Wahubiri wengi husema dinari 100 zilikuwa kitu kidogo. Sisi hatukubali. Ni ujira wa siku 100, yaani karibu miezi minne ya kazi. Ni nani hapa ambaye akipotewa na mshahara wa miezi minne atasema si kitu? Bwana Yesu hakusema kwamba tuliyokosewa ni madogo. Alijua yanauma. Alisema tu kwamba tuyapime kando ya yale tuliyosamehewa. Hivyo kumsamehe mtu si kumwambia kwamba hakukosa. Ni kumwambia: umenikosea, na deni nalijua, tena nalifuta, kwa sababu langu lilifutwa.

Sasa tumefika kwenye shauri la saba.

Ndugu wapenzi, wazee kwa vijana mwakumbuka kwamba miaka kadhaa iliyopita mtu mmoja aliyekuwa akishika hazina ya Chama alichukua fedha zetu. Jina lake halina haja kutajwa; wengine wenu mwamtazama sasa hivi kwa pembe ya jicho. Mtoto wake alikuwa hospitali. Alichukua kidogo akikusudia kurudisha, akachukua tena ili kuziba la kwanza, akaendelea hivyo, akiandika daftari vingine. Akaficha vigae. Siku mwenzetu mmoja alipofariki, mjane wake akaja kuchukua fedha za maziko, sanduku likafunguliwa, na fedha hazikutosha. Hatutasahau uso wa mama yule. Kosa halikuwa dogo, na ye yote atakayesimama leo kusema lilikuwa dogo, tutakuwa wa kwanza kumpinga.

Sisi tulikuwa katika Halmashauri wakati ule. Tulimfukuza katika Chama, tukamwagiza arudishe fedha. Katika hilo hatuoni kwamba tulikosa. Alirudisha kidogo kidogo, mwezi baada ya mwezi, miaka mitatu, mpaka senti ya mwisho, na stakabadhi zake zimo katika faili la Karani. Tulipokosa ni baada ya hapo. Deni lilipokwisha katika daftari, tuliliweka katika macho yetu. Tulikutana naye njiani tukatazama kando. Aliingia kanisani, na benchi alilokaa likapata nafasi. Tuliita jambo hilo uangalifu. Laiti tungaliliita kwa jina lake! Mkewe alipofariki, sisi wote wa Halmashauri tulijua siku na saa ya maziko, wala hapana mmoja wetu aliyekwenda. Tulisema kanuni hazituruhusu kutoa fedha kwa asiye mwanachama. Ni kweli, hazikuturuhusu kutoa fedha. Lakini hakuna kanuni iliyotukataza kwenda kuketi na mfiwa.

Aliyekwenda alikuwa mtu mmoja tu wa Chama hiki, naye ni yule mjane. Alikwenda na kuni na unga, akaketi matangani siku zote. Tulipopata habari tulimwendea, tukamwuliza kwa nini, yeye hasa katika watu wote. Mama huyo si msemaji. Alijibu hivi: "Nilipofiwa nilikosa fedha, lakini watu sikukosa. Naye asikose watu."

Tulirudi nyumbani kimya. Tumehubiri mara nyingi juu ya yule mwana mkubwa aliyesimama nje ya nyumba ya karamu, wala hatukujua kwamba tulikuwa tukihubiri habari zetu wenyewe. Twaungama jambo hili mbele yenu, kwa kuwa tulilitenda kwa jina lenu. Na huyo ndugu, kama yumo ndani ya sauti yetu, twamwomba radhi.

Sasa ameleta barua ya kuomba kuingia tena katika Chama, naye amekubali kulipa kiingilio kama mtu mpya. Halmashauri italileta shauri hilo mbele yenu alasiri hii, nanyi mtalipigia kura. Hatuna haki ya kuwaamuru. Twaomba tu kusema mambo matatu.

La kwanza, neema si kuacha hesabu. Hatumwombei huyo ndugu arudishiwe ufunguo wa sanduku, wala yeye hakuuomba. Kumweka tena mahali alipoteleza kabla hajapata nguvu si upendo. Tena twaisihi Halmashauri kwamba fedha zisitolewe benki ila kwa sahihi za watu wawili, na hesabu zikaguliwe kila mwaka na mtu asiye wa Halmashauri. Na yafanyike hayo kwa kila mweka hazina, hata akiwa mtakatifu, ili asiachwe peke yake na majaribu. Sisi nasi tulikosa kwa kumwachia mtu mmoja kalamu, ufunguo na taabu za mtoto wake, bila ye yote wa kumwuliza habari.

La pili, neema hutolewa bure, lakini si bure kwa anayeitoa. Baba yule wa Luka ilimgharimu mali na heshima yake. Uhuru wa Rabai ulilipiwa na wengine. Paulo, alipokuwa kifungoni, alimwandikia Filemoni waraka mfupi kwa ajili ya Onesimo mtumwa wake, akamwambia kwamba ikiwa mtu huyo anawiwa kitu, kihesabiwe juu yake Paulo mwenyewe. Nasi Wakristo twaamini kwamba deni letu halikuyeyuka hewani, lilichukuliwa msalabani. Basi na sisi itatugharimu kitu. Huyo ndugu fedha amekwisha kulipa. Kilichobaki ni kiburi chetu, na hicho hakuna awezaye kutulipia.

La tatu, tusidhani kwamba shauri hili ni la mtu mmoja. Wamo katika mkutano huu watu ambao wameficha vigae vyao. Mmoja ana deni lisilojulikana na mkewe. Mmoja binti yake amerudi nyumbani na mimba, nao wanamfungia ndani. Mmoja ameanza tena ulevi aliotuambia ameuacha. Wote hao watatega masikio alasiri hii. Tukimfungia mlango aliyekwisha kulipa, watajua la kufanya: wataficha zaidi. Tukimfungulia, labda kesho mmoja wao atakuja kwa mzee wake na kusema, Baba, nimevunja mtungi. Kuteleza si kuanguka, walisema wahenga; lakini huwa kuanguka kama hapana mkono wa kumshika aliyeteleza.

Bwana Mwenyekiti, muda wetu umekwisha. Bwana Yesu alipousimulia mfano wa wana wawili, hakutuambia mwisho wake. Twamwacha mwana mkubwa nje uani, ngoma zikisikika ndani, na baba yake amesimama karibu naye akimsihi aingie. Kama aliingia au hakuingia, haikuandikwa. Tumekuwa tukijiuliza kwa nini Bwana aliuacha hivyo, na twadhani ni kwa sababu jibu si lake kulitoa. Ni la msikilizaji.

Mungu ambaye hakungoja tustahili na atupe moyo wa kutowangojea wenzetu wastahili. Na atubarikie mkutano wetu, wafiwa wetu, wagonjwa wetu, na kazi yote ya Chama katika mwaka unaokuja.